Niliposhusha Leseni ya Barua za Bi Shamsa

Sehemu ya sita

Aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita asikimbie. Nitamsogezea kiti, nimsimulie kwa ufupi, kisha tuendelee sote.

Naitwa Hamidu. Ni karani wa kiwanda kidogo cha kukausha na kusaga tangawizi hapa Same mjini. Kwa kuwa niliwahi kusoma kozi ya kompyuta miezi sita, mimi pia ndiye fundi wa kompyuta, wa printa na, siku za joto, wa feni. Mwenye kiwanda ni Bi Shamsa, mjane mwenye sauti inayoweza kusikika Makanya bila simu. Stoo inasimamiwa na binti yake, Tausi, ambaye ndiye sababu ya mimi kuivumilia ile sauti.

Mwezi wa tano, Bi Shamsa akiwa Tanga kwenye harusi ya mpwa wake, niliahidiwa kazi Arusha. Nikamwandikia barua pepe ya kuacha kazi. Niliiandika kwa raha, kama mtu anayejua hataonana tena na anayemwandikia. Kesho yake Arusha wakapiga simu kusema nafasi haipo. Barua pepe zote za ofisi nazisimamia mimi, basi nikaingia kwenye sanduku la Bi Shamsa, nikaifuta barua yangu kabla hajaiona. Ndivyo nilivyoamini.

Kumbe kufuta si kupoteza. Barua pepe za biashara hulipiwa leseni, na leseni zina madaraja. Ya kwetu ilikuwa ya daraja la juu: barua ikifutwa haionekani tena, lakini inabaki imehifadhiwa nyuma, na mwenye sanduku akiitaka anarudishiwa hata baada ya miaka. Kwa wiki tatu sikulala vizuri.

Bi Shamsa aliporudi akasema tupunguze matumizi ya ofisi. Nikaona mlango umefunguka. Nikamshauri tushushe leseni, akakubali bila maswali. Tarehe mosi mwezi wa sita nikaishusha. Daraja la chini halishikilii kilichofutwa zaidi ya siku kumi na nne. Zikapita kumi na nne, barua yangu ikafutika kabisa, nikamnunulia Tausi pilau.

Wiki iliyopita niliwaacha hapo, nikiwa nimeshiba.

Sasa sikilizeni.

Kuna kurasa nilipaswa kuzisoma kabla ya kubonyeza kitufe cha kushusha. Zilikuwa kurasa tatu. Niliweka alama ya "nimesoma na nimeelewa" kwa kasi ya mtu anayemsukuma mgeni atoke kabla mwenye nyumba hajarudi.

Wiki ya kwanza baada ya kushusha leseni, Bi Shamsa alifurahi sana. "Siku hizi wateja wamestaarabika," aliniambia. "Simu yangu imetulia. Hakuna barua hata moja tangu juzi."

Nikaenda kuangalia. Hawakuwa wamestaarabika. Sanduku lake lilikuwa limejaa kupita kipimo cha leseni mpya, na barua za watu zilikuwa zikigonga mwamba na kurudi zilikotoka. Nilishinda siku mbili nikifuta matangazo na video za harusi hadi likapata nafasi. Sikumwambia mtu. Nikasema moyoni, kama hasara ni hiyo tu, nimepona.

Jumatano ya tarehe ishirini na sita, Mama Dorkas akaingia ofisini.

Mama Dorkas ni mwenyekiti wa wakulima wanaotuletea tangawizi kutoka Miamba, kule juu milimani. Ni kaya themanini na nne, na zote zina cheti kimoja cha kilimo hai, yaani tangawizi yao hailimwi kwa dawa wala mbolea ya kiwandani. Cheti hicho ndicho kinachowafanya wanunuzi wa nje wapige hodi kwetu. Bila cheti, tangawizi ya Miamba ni tangawizi tu, kama nyingine yoyote sokoni.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Habari za hapa? Mama mkubwa yupo?"

Bi Shamsa alikuwepo. Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za magoti, za wajukuu. Mama Dorkas alikunywa maji, akafungua bahasha.

"Mkaguzi wa cheti amepitia kumbukumbu zake," alisema. "Ameona kwamba mwaka juzi jirani wa shamba la chini alipuliza dawa ya viwavi kwenye mahindi, upepo ukaileta kwetu."

"Si mliripoti?" aliuliza Bi Shamsa.

"Tuliripoti. Siku ya pili yake. Tukatuma na picha, na orodha ya matuta tuliyoyatenga. Tulileta kwako kwa barua pepe, kama kanuni inavyotaka. Sasa mkaguzi anataka kuiona barua hiyo, na tarehe yake. Ana hadi Ijumaa saa sita mchana afunge jalada."

"Asipoiona?"

"Tunaanza upya. Miaka mitatu ya kusubiri ndipo cheti kirudi." Mama Dorkas alikunja bahasha taratibu. "Mimi nina miaka sitini na minane, Shamsa. Miaka mitatu kwangu si ya kutaja hivi hivi."

Bi Shamsa akacheka, akamshika bega. "Sasa hofu ya nini? Mimi sifuti barua. Hamidu. Hamiduu. Itafute barua ya Mama Dorkas."

Nilikaa kwenye kompyuta nikiwa na amani kabisa. Nikaandika jina. Kikatoka kitu kimoja tu, salamu za Krismasi.

Nikatafuta kwa tarehe. Hakuna.

Ndipo nikakumbuka. Katika ile leseni ya juu, barua yenye umri wa zaidi ya miaka miwili ilikuwa ikihama yenyewe kutoka kwenye sanduku la kawaida kwenda kwenye ghala la nyuma. Nikafungua ghala. Skrini ikaniandikia maneno machache: ghala hili halipatikani kwa leseni yako ya sasa.

Mikono ikawa baridi, na Same, kama mnavyoijua, hakuna kitu kinachopoa.

"Vipi?" aliuliza Bi Shamsa.

"Mtandao," nilisema. "Unasumbua kidogo. Nipe hadi kesho."

Huo, wasomaji wangu, ulikuwa uongo wa kumi na moja tangu hadithi hii ianze. Nimeuhesabu.

Nilitoka nje nikampigia Salama, dada wa kampuni ya Moshi inayotuuzia leseni. Salama ana sauti nzuri, na hutoa habari mbaya kama anayekutakia siku njema.

"Ghala halijafutwa, kaka Hamidu," alisema. "Leseni ikishuka, ghala linafungwa, linawekwa siku thelathini. Zikipita, linafutwa moja kwa moja. Leo ni ya ishirini na sita. Mna bahati."

"Nikipandisha leseni leo, linafunguka?"

"Linafunguka. Baada ya saa chache."

Nikashusha pumzi. "Basi pandisha, dada yangu."

"Nahitaji idhini ya mwenye sanduku. Aongee nami mwenyewe. Na kwa utaratibu wetu, ghala likirudishwa tunamtumia ripoti ya yote yaliyofanyika ndani ya sanduku lake kwa miezi mitatu."

"Ripoti ya nini?"

"Ya usalama tu. Nani aliingia, tarehe gani, alifuta barua ngapi, za nani. Ili ajue hakuna mtu aliyemchezea."

Nilimshukuru, nikakata simu. Nikasimama pale nje nikiangalia malori yakipita kwenda Mombo.

Mnaona nilivyokwama. Nikipandisha leseni, Mama Dorkas anapona na mimi nafahamika. Nikinyamaza siku nne tu, ghala linajifuta, hakuna atakayejua lolote, na kaya themanini na nne zinaanza upya.

Mtu mwema angerudi ndani palepale. Mimi niliamua kutafuta njia ya tatu.

Njia ya tatu iliitwa Sifael.

Sifael ni afisa ugani wa kule Miamba, na ndiye aliyemwandikia Mama Dorkas ile barua kwa simu yake. Nikafikiri: barua iliyotumwa hubaki kwa aliyeituma. Nikiipata kwa Sifael, nimemaliza. Hakuna leseni, hakuna ripoti, hakuna aibu. Alhamisi alfajiri nikachukua gari hadi Gonja, na kutoka Gonja nikapanda bodaboda hadi juu. Kichwani nilikuwa nimeshapanga nitakavyojisifu nikirudi.

Nilimkuta Sifael amekaa nje ya ofisi ya kijiji akinoa panga.

"Ile barua ninayo," aliniambia, na moyo wangu ukaruka. "Iko kwenye simu yangu."

"Naiomba, kaka."

"Simu iko ndivani."

Ndiva ni lile bwawa la wazee la kukusanyia maji ya kumwagilia. Sifael alikuwa ameinama kukagua tope mwezi wa tatu, simu ikachomoka mfukoni.

"Lakini barua pepe haikai kwenye simu," nilimwambia. "Nipe tu paswadi, nitaifungua kwenye simu yangu."

"Paswadi niliiandika."

"Wapi?"

"Kwenye simu."

Alikuwa hatanii. Sifael akaanza kucheka, nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa hivyo au kulia. Tulijaribu kila jina la mtoto wake na la ng'ombe wake. Jaribio la kumi akaunti ikajifunga kwa saa sabini na mbili.

Mama Dorkas alisikia nipo, akatuma mtu aniite nyumbani kwake nile. Aliniwekea makande ya moto, sahani imejaa hadi ukingoni. Alifikiri nimepanda mlima kwa ajili yao.

"Ofisi nyingine wangepiga simu tu," alisema. "Wewe umekuja mwenyewe. Mungu akuone."

Nikainamia sahani, nikala.

Akaanza kunisimulia ile siku ya dawa. "Hapa mtandao haukamati. Tulikuwa tunaupata juu ya lile jiwe unaloliona, na mimi nilikuwa na kidonda mguuni. Sifael akasema, mama, kaa, nitapanda peke yangu. Nikasema hapana, mimi ndiye niliyechaguliwa na watu, nataka nione inaondoka kwa macho yangu. Tukakaa juu ya jiwe hadi simu ikaandika imetumwa. Nikashuka nikawaambia wenzangu, sasa iko mahali ambapo panya hafiki."

Alisema hivyo akiniongezea mchuzi.

Nimewahi kutukanwa na watu wengi, na baadhi walikuwa na haki. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama hiyo sentensi ya mama mtu mzima asiyejua kwamba panya mwenyewe amekaa mezani kwake anakula makande.

Nikashuka mlima. Dereva wa bodaboda akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Bi Shamsa. Sikukaa. Niliogopa nikikaa nitaanza kuzungumzia mvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtandao umerudi?"

"Mtandao haukuwa na shida. Mama, naomba niseme mara moja, nisikatizwe, maana nikikatizwa nitadanganya tena."

Bi Shamsa akaweka kalamu.

Nikasema. Nilisema kuhusu kazi ya Arusha. Nilisema kuhusu barua. Nilisema niliingia kwenye sanduku lake kama mwizi nikaifuta, kwamba ushauri wa kushusha leseni haukuwa wa kuokoa ofisi bali wa kujiokoa mimi, kwamba wateja hawakustaarabika bali barua zao zilikataliwa, na kwamba barua ya Mama Dorkas iko kwenye ghala litakalofutwa Jumapili. Nilisema na ya Sifael na ndiva. Nilipomaliza jasho lilikuwa limefika kwenye soksi.

Bi Shamsa akafunga daftari lake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hakuna lingine?"

"Wallahi hakuna."

Akavuta pumzi. "Hivi kweli nakuita kama nafukuza kuku?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Yale yalikuwa maneno yangu, ya mstari wa nne wa ile barua: *nimechoka kufanya kazi na mtu anayeniita kama anafukuza kuku.*

"Uliisoma," nilisema.

"Niliisoma siku uliyoituma, Hamidu. Nilikuwa nimekaa napakwa hina, simu ikalia. Sina miwani, nikampa dada yangu anisomee. Akaisoma kwa sauti."

"Mbele ya watu?"

"Ukumbi mzima wa wanawake. Alipofika kwenye kuku, bibi harusi alicheka hina ikamwagika. Waliirudia mara mbili." Alikuwa anajizuia asicheke, mabega yakimtikisika. "Hadi leo wakinipigia simu kutoka Tanga wanauliza, kuku hajambo?"

Nilitamani ile ndiva ya Miamba ingekuwa karibu.

"Mbona hukusema kitu?"

"Nilikuwa nakusubiri. Nilirudi nikakukuta upo kazini, umevaa shati jipya, unanisalimia kwa heshima. Nikasema, aah, huyu amebadili mawazo, atakuja aniambie. Wiki ya kwanza hukuja. Ya pili ukaja na habari za leseni. Nikajua unatafuta pa kuificha, lakini sikujua leseni inashikilia barua za watu. Hilo ndilo kosa lako kubwa. La kuku nimeshalisamehe, maana si uongo."

Akainuka, akachukua simu yake.

"Nipigie huyo Salama. Na ripoti ije. Mimi na wewe hatuna tena cha kufichana."

Salama alichukua idhini. Leseni ikapanda saa tatu na robo. Skrini ikaandika kwamba ghala linarudishwa, na chini yake kikawekwa kijiduara kinachozunguka.

Saa nne kikawa kinazunguka. Saa tano kikawa kinazunguka. Mama Dorkas alipiga mara mbili, Bi Shamsa akampokea na kumwambia tuko hatua za mwisho, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia tangu niajiriwe. Tausi alikuja kutoka stoo, akasimama nyuma ya kiti changu, akaweka mkono wake kwenye egemeo. Alikuwa ameshasikia yote kupitia ukuta, na hakuwa amenikasirikia, jambo lililonishangaza kidogo, lakini sikuwa na nafasi ya kulifikiria.

Saa tano na dakika arobaini ghala likafunguka.

Niliandika jina la Sifael. Ikatoka. Barua moja, tarehe ileile, siku ya pili baada ya dawa. Orodha ya matuta yaliyotengwa. Picha tano, na kwenye ya tatu nusu ya picha ni kidole gumba cha Sifael. Sijawahi kuona kidole kizuri kama kile.

Nikaituma kwa mkaguzi saa tano na dakika hamsini na moja. Saa sita kasoro dakika mbili akajibu: imepokelewa, tarehe inakidhi kanuni, jalada linafungwa, cheti kinaendelea.

Bi Shamsa alimpigia Mama Dorkas akaweka simu kwenye spika. Kisha tukasikia kigelegele kimoja, halafu vingi, kama mlima mzima ulikuwa umekaa kwenye simu moja.

"Mwambieni Hamidu," Mama Dorkas alisema kelele zilipopungua, "akija tena nitamchinjia jogoo."

Bi Shamsa alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. Tausi akasema ngoja akachemshe chai. Nami nikakaa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilikuwa mwepesi. Nilifikiri: nimesema kila kitu, nimesamehewa, nina kazi, nina Tausi, kaya themanini na nne zina cheti. Nilifikiri hadithi yangu ingeishia leo, nimshukuru mhariri na kumwachia ukurasa wake.

Kompyuta ikalia. Ilikuwa ripoti ya Salama.

"Soma," alisema Bi Shamsa, bado anatabasamu. "Tumalize na hilo."

Ukiacha zile siku mbili nilizofuta matangazo na video za harusi, ilikuwa na mistari miwili tu. Nikasoma wa kwanza kwa sauti. "Tarehe tisa mwezi wa tano. Aliyeingia, Hamidu. Imefutwa barua moja."

"Hiyo ni ya kuku."

"Ndiyo mama." Nikashuka mstari wa pili, nikausoma kimoyomoyo.

"Soma."

"Tarehe kumi na moja mwezi wa tano. Aliyeingia, Hamidu. Zimefutwa barua mia mbili na sita."

Tabasamu la Bi Shamsa likaondoka polepole.

"Ulisema ni moja."

"Ni moja. Mama, ni moja. Tarehe kumi na moja sikuwepo hata mjini, nilikuwa Miamba kupokea mzigo. Uliza mtu yeyote."

"Jina ni lako. Zilitoka kwa nani hizo barua?"

Nikatazama. Zote zilikuwa zimetoka kwa mtu mmoja. "Jabiri," nilisema. "Jabiri wa Lembeni."

Bi Shamsa alikaa.

Jabiri ni muuza pampu za maji wa Lembeni, aliyefiwa na mwenzake kama Bi Shamsa, mtu wa makamo asiyeongea. Kwa mwaka mzima alikuwa akija kila Alhamisi kukagua pampu yetu, ambayo haijawahi kuharibika. Alikuwa anakunywa chai, anaangalia sakafu, anaaga. Tausi hakumpenda. Alikuwa akisema wazi kwamba pampu ni nzima, mbovu ni Jabiri. Tangu katikati ya mwezi wa tano hatukumwona tena, na hakuna aliyeuliza. Sikuwahi kujua kwamba yule mtu asiyefungua mdomo alikuwa anaandika.

"Mia mbili na sita," Bi Shamsa alisema chini chini. "Alikuwa ananiandikia tangu mwaka jana. Nilidhani amechoka. Nilisema sirudii kuzisoma zile za zamani hadi aandike tena." Akaniangalia, na sikuwahi kumwona akiwa na uso ule, uso wa msichana. "Zirudishe, Hamidu. Si umepandisha leseni?"

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa nilichokifanya.

"Hazirudi, mama," nilisema. "Kama nisingeshusha leseni zingekuwepo, zingekaa hata miaka kumi. Lakini zilikuwa zimefutwa tayari, na leseni ya chini inashikilia siku kumi na nne tu. Kupandisha tena kunafungua ghala. Kilichokwisha kufutika kabisa hakirudi."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Nani mwingine anajua paswadi yako?"

Jibu nilikuwa nalo. Siku ile ya mwezi wa tano nilipopanda Miamba kupokea mzigo niliiacha paswadi yangu kwa mtu mmoja, ili achapishe hati za mizigo. Mtu mmoja tu duniani. Na mtu huyo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka. Asubuhi nilikuwa nimesema kosa langu na nikaona si vigumu sana. Hili halikuwa langu.

"Mwache Hamidu," alisema Tausi.

Akaja, akaweka sinia mezani, akavuta kiti akakaa mbele ya mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilizifuta mimi. Niliona jina lake limejaa pale, ukurasa baada ya ukurasa, nikamkumbuka baba, nikakasirika. Lakini mama, sikuzifuta hivi hivi. Nilizisoma kwanza. Zote."

"Zote," Bi Shamsa alirudia.

"Ndiyo maana nimeshindwa kulala miezi hii. Ni barua nzuri. Hakuna neno baya hata moja. Anaandika mvua ilivyonyesha kwake, anauliza kama umekula." Tausi alijifuta pua kwa kiganja. "Ya mwisho ilikuja ukiwa Tanga. Hukuifungua."

"Ilisemaje?"

Tausi alinitazama mimi kwanza, kama mtu anayeomba ashikwe mkono kabla ya kuruka mfereji.

"Alisema yeye kwa mdomo hawezi, kwa hiyo anakuandikia. Ataleta wazee wake kwako kuposa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi. Alisema kama hutaki, umjibu neno moja tu na hatakusumbua tena maishani. Na usipojibu, ataelewa kwamba umekubali."

Bi Shamsa aligeuka taratibu akaitazama kalenda ya ukutani.

Mimi sikuhitaji kuitazama. Leo ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na nane.